Jua Limechelewa Leo

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwambia mzee kwamba ni saa moja, naye akadhani amelala mpaka mchana.

Ilikuwa asubuhi, jua ndiyo kwanza limepanda juu ya paa la jirani. Mzee alikuwa kipofu kabisa. Aliniuliza kwa Kiingereza ni saa ngapi, nami nikaichukua saa yetu kama ilivyo nikaitia kwenye Kiingereza: saa moja. Akakurupuka kitandani, akatafuta viatu kwa vidole vya miguu, huku akisema maneno ya lugha nyingine ambayo sikuyaelewa. Nilisimama pale mlangoni nikijua kuna kosa nimefanya, ila sikujua ni lipi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa aibu sikuuliza.

Nilikulia kambini upande wa Kigoma, ambako wazazi wangu walikimbilia wakitoka Uvira. Huko nilisoma shule ya msingi na masomo yakaishia hapo. Kwetu saa za mchana huanza kuhesabiwa jua likichomoza, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuzihesabu namna nyingine mdomoni, hata kama saa ya ukutani ina namba zake. Joburg nilikuja kwa shangazi yangu anayesuka nywele Rosettenville, na ni mteja wake mmoja aliyeniambia kwamba kuna mzee Myahudi kule kaskazini mwa jiji, amefiwa na mke mwezi uliopita, anatafutiwa mtu wa kuishi naye na kumshika mkono.

Mzee alipotulia aliniuliza tena, polepole, jua limetoka lini. Nikamwambia limetoka muda kidogo, ndiyo maana ni saa moja. Akakaa kitandani. Kisha akaanza kucheka, na alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa pajama.

"Vitabu vyetu vinahesabu hivyo hivyo," alisema. "Miaka elfu mbili."

Akanieleza. Wayahudi husali mara tatu kwa siku, asubuhi, alasiri na jioni. Asubuhi lazima wasome yale maneno yanayoanza na "Sikia, Ee Israeli", na walimu wao wa kale walisema mtu anaweza kuyasoma mpaka mwisho wa saa ya tatu. Saa hiyo ya tatu haihesabiwi kutoka usiku wa manane, huhesabiwa kutoka jua linapotoka. Maisha yake yote mzee alikuwa akipiga hesabu kichwani ili kuihamisha saa ya vitabu kwenye saa ya ukutani. Sasa, alisema, ameletewa mtu ambaye saa ya vitabu iko mdomoni mwake tayari.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa na saa za Kiswahili. Alijifunza kusema saa tatu, saa tisa, saa kumi na moja, kwa lafudhi yake ya kukwaruza. Tofauti ilikuwa moja. Saa zake zilirefuka wakati wa joto na kunywea wakati wa baridi, kwa sababu aliugawa mchana wote sehemu kumi na mbili, uwe mrefu uwe mfupi. Kwenye friji kulikuwa na kalenda ya sinagogi yenye nyakati za sala za kila siku, nami nilimsomea. Nilisoma polepole kwa kidole, na hakunihimiza hata mara moja.

Siku hiyo hiyo ya kwanza aliniuliza kama nimeelewa, nikaitikia kwa kichwa. Mimi nikiweza kujibu kwa kichwa sitafungua mdomo. Akangoja. Akaniuliza tena, nikaitikia kwa kichwa tena, kwa nguvu zaidi.

"Kichwa chako hakina sauti," alisema. "Ukiwa na mimi, sema."

*

Nilijifunza siku yake kama mtu anavyojifunza njia ya kwenda kisimani. Akiamka, kabla hajakanyaga sakafu, alisema maneno machache ya kushukuru kwamba amerudishiwa roho yake. Nilimletea bakuli na kikombe chenye mishikio miwili, akajimwagia maji mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, mara tatu kila mmoja. Kisha shali yake nyeupe yenye milia myeusi. Kisha visanduku viwili vyeusi vya ngozi, kimoja juu ya mkono wa kushoto kuelekea moyoni, kingine kwenye paji la uso, na mkanda alizungusha mkononi mara saba. Hakutaka nimsaidie mkanda. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwambia kama mwanga umetosha, kwa sababu visanduku havivaliwi gizani. Ni lazima kuwe na mwanga wa kumwezesha mtu kumtambua rafiki yake akiwa hatua chache.

"Unanitambua?" aliniuliza kila asubuhi, akiwa amesimama upande wa pili wa chumba.

"Nakutambua, mzee."

"Basi wewe ni rafiki, na asubuhi imefika."

Neno hilo, mzee, alilipenda, akawa anajiita hivyo hata kwenye simu, na ndugu zake hawakumwelewa. Mimi aliniita kwa neno la lugha ya mama yake, neno la kumbembeleza mtoto wa kiume, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na moja na nimemzidi urefu.

Aliposali alielekea kaskazini. Babu yake kule Lithuania alielekea kusini, alisema, na baba yake aliposhuka melini huku Afrika akiwa na sanduku la vifungo vya kuuza alilazimika kugeuza mwili wake wote, kwa sababu Yerusalemu sasa ilikuwa nyuma yake. Katika mji ule wa babu hakubaki Myahudi hata mmoja. Waliobaki hai ni wale waliohama wakageuka. Mimi nilisimama nyuma yake nikatazama kule anakotazama, nikafikiri kwamba hata Uvira iko upande huo. Sikumwambia. Lakini nilianza kusimama vizuri zaidi.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, tulitoka kwenda sinagogi, dakika kumi kwa mguu. Alikwenda kwa ajili ya mkewe. Kuna sala ya waliofiwa ambayo haiwezi kusemwa na mtu peke yake. Ni lazima wawepo wanaume kumi, na aliyefiwa husimama, wengine humwitikia. Watoto ndio huisema kwa ajili ya mzazi, kwa miezi kumi na mmoja. Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyeishi mbali kidogo na kufanya kazi Sandton. Huyo alisema yeye sala zake huzisema moyoni. Basi mzee akaibeba miezi yote kumi na mmoja mwenyewe.

"Moyo wake hauna sauti," mzee aliniambia siku moja tukisubiri robot, kama wanavyoita huku taa ya barabarani, igeuke kijani. "Kama kichwa chako."

Wiki chache baada ya mimi kuanza kazi ilifika Siku ya Upatanisho, siku ambayo Wayahudi hufunga tangu jioni mpaka jioni. Siku zilizotangulia mzee alishinda kwenye simu akiomba msamaha. Alimpigia dada yake, jirani, mtu aliyewahi kugombana naye juu ya duka la vifungo alilokuwa nalo mzee miaka mingi iliyopita. Mwisho aliniita mimi. Akasema kama alinikaripia au kunidharau bila kujua, nimsamehe. Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema," alisema. "Nimeomba kwa sauti, nijibu kwa sauti."

Nikasema nimesamehe. Ndipo akanifundisha sheria yake, kwa furaha, kwa kuwa alipenda kufundisha. Mungu husamehe makosa aliyokosewa Yeye, lakini kosa kati ya mtu na mtu, Mungu haliingilii mpaka aliyekosewa asamehe. Mkosaji aende akaombe. Akikataliwa, aende tena. Mara tatu, na kila mara aende na watu watatu wa kushuhudia. Akikataliwa mara ya tatu, yuko huru. Sasa dhambi ni ya yule aliyekataa.

Nilimuuliza, jambo lililokuwa adimu kwangu, kwa nini watu watatu.

"Ili mtu asiombe msamaha chini chini," alijibu, "kwa jambo alilolifanya hadharani."

*

Mwezi wa sita alianguka. Pale njiani mizizi ya jakaranda imeinua vigae vya kando ya barabara, na ingawa nilimwonya, mguu wake ulinasa. Aliumia goti na kiganja. Tulikaa chini pale kwenye baridi mpaka akapata pumzi, kisha akasema twende, watu tisa wanangoja. Akaisema sala ya mkewe damu ikiwa imekauka kwenye soksi.

Mwanawe alikuja jioni hiyo. Walizungumza chumbani kwa Kiingereza cha haraka, na niliyoyapata ni kwamba mwana alimtaka asitoke tena alfajiri mpaka baridi ipite, na mzee alikataa. Ilibaki kidogo miezi kumi na mmoja iishe.

Mwana akanifuata jikoni. Alikuwa mtu mpole wa sauti, aliyenukia vizuri, na alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti cha jikoni nikiwamo. Siku hiyo alikaa. Akaniita rafiki yangu. Alisema mimi na yeye tunataka jambo moja, mzee awe hai. Alisema baba yake hamsikilizi mtu, ila saa anaisikiliza. Ile saa ya mzee inayotamka muda ukiibonyeza, yeye angeichukua kwamba inakwenda kutengenezwa. Redio pia. Mzee ataniuliza mimi, na mimi niseme kwamba kumeshakucha zamani, watu wameshamaliza, asali nyumbani.

Nilimaliza kukausha kikombe kilichokuwa mkononi. Kisha nikauliza, na akijua?

"Akijua, niachie mimi," alisema. "Hatumdanganyi. Tunamlinda."

Siandiki haya ili nijisafishe. Nilikubali. Nilikuwa nimeliona lile goti. Tena alikuwa ameniita rafiki, na mtu mwenye aibu hupata shida kukataa akiombwa kwa upole. Ila nilijua nakubali nini.

Mzee aliamka kwa mazoea, kabla ya saa kumi na mbili, kila siku bila kukosa. Asubuhi iliyofuata akauliza saa ngapi. Nje kulikuwa giza tupu, taa za barabarani zinawaka. Nikasema saa mbili.

"Saa mbili," alirudia.

"Umelala sana, mzee."

Nikamletea bakuli na kikombe. Akanawa. Akasimama upande wake wa chumba na shali begani, nikajua anangoja kuniuliza swali letu. Hakuniuliza. Alifunga mikanda yake, mara saba, gizani, wakati ambao visanduku havivaliwi, akasali sala zote isipokuwa ile inayohitaji watu kumi. Alipofika mahali pake aliruka, kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika.

Saa mbili ya kweli jua lilikuwa likiingia dirishani na kumpiga shavu la kulia mtu aliyesimama pale. Siku hiyo alimaliza, akakunja shali, akakaa, na shavu lake bado baridi.

"Jua limechelewa leo," alisema.

Nikasema kuna mawingu.

Baadaye hadeda walianza kupita juu ya paa, wale ndege wakubwa wa kijivu wenye kelele kama za watu wanaogombana, ambao huamka na mapambazuko. Alisikiliza mpaka wa mwisho akapita. Nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi. Nilidhani sasa atasema. Aliomba chai.

Tuliendelea hivyo karibu mwezi mzima. Siku ya Sabato tulikwenda sinagogi kama kawaida, kwa kuwa siku hiyo sala huanza jua limeshapanda. Watu walimwambia wanamkosa asubuhi. Alijibu kwamba uzee umemletea usingizi. Nilikuwa pembeni yake, mkono wake umeshika mkono wangu juu kidogo ya kiwiko, kama siku zote, na nilihisi uzito wake vilevile.

*

Kuna mtu mmoja wa sinagogi, mfamasia, mtu mwenye kitambi na moyo mzuri. Yeye ndiye aliyeharibu, bila nia mbaya. Asubuhi moja, kwenye saa kumi na mbili, aligonga mlango. Alikuwa amekuja na gari lake kumchukua mzee, alitaka kumshtukiza, maana alikuwa amehesabu akaona zimebaki siku tatu miezi kumi na mmoja iishe. Akamkuta mzee yuko katikati ya sala, na visanduku kichwani na mkononi.

Alimuuliza anafanya nini. Akamwambia bado ni giza, hata visanduku havijaruhusiwa.

Mzee alisimama palepale. Mfamasia akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe.

Walikwenda pamoja garini, na siku tatu zilizobaki mzee alichukuliwa kwa gari. Hakuna aliyeniuliza neno. Mzee aliendelea kunisalimu, kula nilichompikia, kulala. Saa hakuniuliza tena. Nilimpigia mwanawe nikamwambia wamejua. Akasema, "Nimekuambia niachie mimi." Niliposikia vile nililala usingizi mzuri.

Sabato iliyofuata mwana alikuja sinagogi, jambo ambalo hakulizoea. Baada ya sala watu hukusanyika ukumbini, kuna samaki wa chumvi, biskuti, na vikombe vidogo vya divai. Nilisimama karibu na ukuta na mzee amenishika mkono. Wanaume kama saba hivi walikuwa wamemzunguka mwana, na mfamasia alikuwa akimuuliza, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, ilikuwaje baba yake akasalishwa gizani mwezi mzima, akanyimwa sala ya mkewe.

Nilimtazama mwana. Nilikuwa nikingoja alichukue kosa lile, kama alivyosema.

"Kijana alitaka kulala," alisema. Alifungua mikono kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu. "Saa ya baba iliharibika, akaona nafasi. Hawa watu, ukiwaachia nyumba, unajua."

Neno lile, hawa watu, nililijua. Kila mgeni wa Joburg analijua. Shangazi yangu husema unaweza kulisikia hata limesemwa kwa Kizulu nyuma ya ukuta. Halikuniumiza sana. Niliugeukia uso wa mzee. Alikuwa karibu yangu, amesikia kila kitu, kwani masikio yake yalisikia hata panya wa jirani. Alijua kwamba mimi huamka kabla yake. Alijua saa yake iliondoka ikiwa mfukoni mwa nani. Nikasema moyoni, sema. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema.

Akauondoa mkono wake kwenye mkono wangu.

Aliuondoa taratibu, kidole kimoja kimoja, akautafuta ukuta, akashika ukuta.

Jioni, Sabato ilipokwisha, mwana alinipeleka Rosettenville kwa gari na mfuko wangu wa nguo. Njia nzima alisikiliza muziki. Tulipofika alisema kwamba natakiwa kuelewa, baba yake ana jina mbele ya wale watu na hana mwingine ila yeye. Nikaitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa anaona.

*

Shangazi aliniuliza mara moja tu. Kwake Wayahudi ni taifa la Biblia, na nilipopata kazi ile alikuwa ametoa ushuhuda kanisani. Nilipomaliza kumweleza aliendelea kusuka kichwa kilichokuwa mbele yake, mistari miwili mizima, kabla ya kusema.

"Eish, wewe naye. Ulimdanganya kipofu, halafu unalia kwamba umesingiziwa?"

Nikamwambia nalia kwamba alijua.

"Kujua si kusema," alisema. "Na wewe ulijua, ulisema?"

Mwenye kichwa akacheka chini ya mikono yake. Lakini yalikuwa mambo mawili, na nilijua ni mawili. Mimi nilimdanganya juu ya saa. Yeye aliwaacha watu saba waamini kwamba nilifanya hivyo kwa kupenda usingizi, nikauza sala ya mkewe kwa blanketi. Nilitaka tu mmoja wao asikie kwamba haikuwa hivyo, kutoka kinywani mwake.

Nikapata kazi kwa fundi cherehani wa Kirundi mtaa wa pili, kupiga pasi na kubandua mishono. Kichwani saa za mzee ziliendelea. Nikiwa na pasi nilijikuta nikigawa mchana sehemu kumi na mbili. Nikajua mwezi wao wa kujitayarisha umefika, ule ambao kila asubuhi hupigwa baragumu ya pembe ya kondoo, na jakaranda zilikuwa bado hazijachanua.

Simu ya kwanza ilikuja siku hizo. Sauti yake ya kukwaruza ilisema, kwa Kiswahili, ni mzee. Kisha kwa Kiingereza akasema amenikosea, nimsamehe.

Nikamuuliza wale watu watatu wako wapi.

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilikufundisha vizuri mno," alisema. Nikamwambia aseme mbele ya wale waliokuwa ukumbini. "Yeye ni mwanangu," alisema. Nikakata simu, nikarudi kwenye pasi.

Ya pili ilikuja baada ya mwaka wao mpya. Aliongea zaidi. Alisema kijana mpya anayemtunza anahesabu saa kama Waingereza. Alisema nyumba imekuwa kimya. Akaomba. Nikasema hapana. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu mzima neno hilo kabla ya siku ile.

Zilibaki siku chache kabla ya Siku ya Upatanisho. Alasiri moja gari lilisimama mbele ya duka la fundi. Akashuka mfamasia, akashuka mlinzi wa geti la sinagogi, mtu wa Zimbabwe niliyezoea kumsalimu, akashuka jirani wa mzee, na mwisho mzee mwenyewe, mkono kwenye bega la mfamasia. Watu watatu. Fundi alizima cherehani. Mwana hakuwapo.

Mzee aliingia, akagusa meza, vidole vikakuta sahani ya vifungo. Alivipapasa kidogo, kwa mazoea ya duka lake. Kisha akaviacha, akasimama wima.

"Nilijua tangu asubuhi ya kwanza," alisema. "Nimezaliwa mji huu. Mwezi wa sita hauna mawingu."

Nikasimamisha pasi.

"Niliiogopa ile njia. Tangu nianguke niliiogopa, na niliona haya kusema kwamba naogopa kutembea dakika kumi kwa ajili ya mke wangu. Wewe ukaniambia ni saa mbili. Nikashukuru. Mwezi mzima nilikuwa nikishukuru. Halafu ukumbini nikakuachia uibebe peke yako. Hukupenda usingizi. Ulitumwa." Aligusa tena ukingo wa meza. "Nisamehe."

Nilingoja aseme ni nani aliyenituma. Mfamasia pia alingoja, alikuwa amegeuza uso kumtazama. Mzee hakuongeza neno. Neno mwanangu lilibaki ndani yake, na mashahidi wake watatu waliondoka pale bila kulisikia, kama walivyokuja.

Hata hivyo ilikuwa nyingi. Ilikuwa zaidi ya nilivyotegemea. Nikaitikia. Nikaitikia kwa kichwa.

Mfamasia aliniona. Mlinzi aliniona, akatazama chini. Fundi aliniona. Mzee alisimama akingoja, uso wake umeelekea pale alipodhani nipo, karibu kabisa lakini si penyewe. Nilijua kwamba haoni. Nilikuwa nimeishi naye karibu mwaka, nilijua kuliko mtu yeyote pale ndani. Mdomo wangu ulikuwa na lile neno. Lilikuwa pale, na mimi ni mtu wa polepole, kuandika polepole, kusema polepole, na wakati ulipita. Nimejiuliza sana kama ilikuwa aibu tu, au kama kichwa changu kilijua kwamba hakina sauti, kikajibu kwa makusudi.

Mfamasia alifungua kinywa. Kisha akakifunga. Nadhani aliona si haki yake kunisemea.

"Mara ya tatu," mzee alisema taratibu, kana kwamba anahesabu vifungo. Akatafuta bega la mfamasia. Mlangoni aligonga kizingiti kwa fimbo yake, akakivuka vizuri, na gari likaondoka.

Kwa hesabu yake, zile simu mbili zikiwamo, sasa yuko huru. Dhambi ni yangu. Niliitaka haki, nikaletewa nusu, nami nikashindwa kupokea hata hiyo nusu kwa namna inayosikika.

Siku ya Upatanisho nilikuwa kazini. Kuna sala ya mwisho siku hiyo, ya kufunga malango, jua likikaribia kuzama. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee, yeye na watu wote wamesimama, na aliniuliza kila baada ya muda ni saa ngapi, nami nikamjibu kweli. Sasa niliangalia mwanga ukutani mwa duka. Hadeda walipita wakirudi kulala. Niliweka pasi chini, nikageuka kuelekea kaskazini, upande wa mashine ya kushonea kingo za nguo.

"Nimesamehe," nilisema kwa sauti.

Sauti ilitoka vizuri tu. Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani akaniuliza nimesamehe nini, na ile suruali ya mteja nimeshaikalisha mikunjo au bado. Nikamwambia bado. Sikujua kama nililolisema lilikuwa kweli. Nilikuwa nataka tu kusikia lingesikikaje.